Pumzi na Riziki ya Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga aliyepatwa na bronkiolaitisi, maradhi ya virusi yanayovimbisha vijia vyembamba vya ndani kabisa ya mapafu na kuvijaza makamasi, humtia mzazi khofu kwa pumzi zake za kasi, kwa tundu za pua zinazotanuka, na kwa mbavu zinazobonyea kila avutapo hewa. Lakini nyuma ya taabu hiyo iliyo dhahiri pana taabu nyingine iliyofichika, nayo ni ya mwili mdogo unaotumia nguvu nyingi kuliko unazozipata. Kwa hiyo maradhi haya, ambayo aghlabu huhesabiwa kuwa ya pumzi peke yake, ni maradhi ya riziki ya mwili pia.

Hapa Unguja jambo hili si la mbali. Baina ya Aprili na Julai mwaka 2011, watafiti waliwachunguza watoto 677 wenye homa, wa umri wa miezi 2 hadi 59, waliofikishwa hospitali ya Kivunge, kaskazini ya kisiwa. Wakaona kuwa virusi vya njia ya hewa vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za homa hizo, vikiwemo virusi vya RSV, ambavyo ndivyo vinavyoongoza ulimwenguni kwa kuleta bronkiolaitisi. Watoto 500 kati yao waliandikiwa antibiotiki, ilhali waliokadiriwa kuzihitaji kwa hakika walikuwa 152 tu.

Vijia vya hewa vya mchanga ni vyembamba mno, na kanuni ya maumbile ni kwamba upana wa mrija ukipungua kwa nusu, uzito wa kupitisha hewa inayokwenda kwa utulivu huzidi mara 16. Ndiyo maana uvimbe mdogo, ambao mtu mzima asingeutambua, humlazimisha mtoto kupumua zaidi ya mara 50 kwa dakika, misuli ya kifua na tumbo ikifanya kazi usiku na mchana. Homa nayo huongeza matumizi, na pua iliyoziba humfanya aliachie titi kila mara ili apate kuvuta pumzi. Kwa kuwa akiba ya sukari iliyomo katika ini lake ni chache, mwili hugeukia mafuta, na njaa ikizidi, hata protini za misuli. Hali yake ni ya seredani inayopepewa kwa nguvu bila ya kutiwa makaa mapya.

Ndani ya seli zenyewe pana mageuzi makubwa zaidi. Virusi haviwezi kuzaana kwa nguvu zao wenyewe, bali huilazimisha seli itumie sukari, mafuta na asidi amino zake kutengeneza virusi vipya. Na RSV hufika hadi ya kuzikusanya mitokondria, zinazoipatia seli nguvu, kando ya kiini na kuidhoofisha kazi ya mitokondria hizo. Wala virusi vyote havina athari moja: mwaka 2018 Christopher Stewart na wenzake walichapisha uchunguzi wa makamasi ya watoto wachanga waliolazwa hospitalini Marekani, wakabainisha kuwa wenye rinovirusi, virusi vya mafua ya kawaida, walikuwa na asidi amino za namna makhsusi kwa wingi, pamoja na bakteria wa Haemophilus influenzae, tofauti na wenye RSV. Basi watoto wawili wanaokohoa namna moja huenda miili yao imo katika mapambano mbalimbali.

Maarifa haya yanatuelekeza katika matendo. Antibiotiki haziui virusi. Hospitalini, mtoto aliyezidiwa husaidiwa kwa oksijeni, na akishindwa kunyonya, kwa maziwa ya mpira wa puani au maji ya mshipani. Nyumbani, pua isafishwe na mtoto anyonyeshwe kidogo kidogo, mara nyingi. Huko Kilifi, nchini Kenya, watafiti waliofuatilia aila mbalimbali walidhihirisha kuwa wachanga wengi huambukizwa RSV na ndugu zao wakubwa waendao skuli. Kwa hiyo mikono ya hao ioshwe kabla ya kumbeba mdogo wao. Na tangu mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo ya RSV kwa wajawazito, au kingamwili kwa mchanga, nasi tuna haki ya kutaka neema hiyo ifike visiwani.

Tabibu ahesabu pumzi, lakini pia aulize mtoto amenyonya kiasi gani tangu jana. Na mama aonaye kuwa mwanawe ameacha kunyonya, au midomo yake imebadilika rangi, asingojee kuche.