Embe la Manjano, Ukali Ndani

Msimu wa maembe ukifika, kati ya Novemba na Machi, barabara kuu ya Mombasa hujaa wachuuzi kuanzia Emali hadi Kibwezi. Unanunua embe aina ya Apple lenye ngozi ya manjano inayong'aa, unalikata nyumbani, na unachokuta ni nyama ngumu, nyeupe karibu na kokwa, na ukali wa kukunja uso. Wengi humlaumu mchuuzi, wengine mbegu. Chanzo hasa kimo ndani ya seli za tunda lenyewe: zilipewa amri ya kuiva kabla hazijawa tayari kuitekeleza.

Embe halina ubongo wala neva. Hata hivyo seli zake hugeuza wanga kuwa sukari, hulegeza kuta zao, huvunja rangi ya kijani na kutoa harufu, zote katika siku zile zile. Zinaafikiana kwa gesi iitwayo ethilini, yenye atomi mbili za kaboni na nne za haidrojeni, ambayo tunda hujitengenezea. Mwaka 1901 Mrusi Dimitry Neljubow aligundua kwamba gesi hiyo, iliyokuwamo katika gesi ya taa, ndiyo iliyokuwa ikipotosha miche ya njegere katika maabara yake huko St Petersburg. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba matunda yanaizalisha yenyewe.

Ili kuona jinsi seli inavyoisikia gesi hiyo, ilinganishe na insulini ya mwilini mwetu, ambayo haiingii ndani ya seli ili isikike. Hushikana na kipokezi kilichoko kwenye utando wa nje. Ethilini, kwa upande wake, ni ndogo na huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya utando huo na kukutana na kipokezi chake ndani kabisa. Kipokezi hicho, protini inayoshikilia chembe ya shaba, kilitambuliwa mwaka 1993 na kikosi cha watafiti wa Marekani, wakiwemo Caren Chang na Anthony Bleecker. Ajabu yake ni hii: kipokezi hufanya kazi wakati ethilini haipo. Ni kama bawabu anayerudia "bado, bado" mchana na usiku. Ethilini ikimgusa, ananyamaza, na ule ukimya ndio ruhusa. Habari husafiri hadi kwenye kiini cha seli, jeni za kuiva huamshwa, na kazi inaanza.

Mojawapo ya kazi hizo ni kutengeneza ethilini zaidi. Seli moja ikianza, jirani yake anaipata gesi, naye anaitoa kwa wengine. Ndiyo maana tangu zamani watu wamevundika maembe na ndizi kwenye chungu, gunia au nyasi kavu: wanaizuia gesi isitoroke. Moshi nao hufaa, kwa kuwa una ethilini. Embe lililopondeka garini hutoa ethilini nyingi kwa sababu ya jeraha, na linaweza kuharakisha uivaji wa kreti nzima. Ile methali ya samaki mmoja akioza ingefaa zaidi kusemwa kwa maembe.

Tatizo la embe letu la barabarani ni kwamba si kila seli inaweza kuitikia amri hiyo. Embe changa halijaweka wanga wa kutosha, na mitambo yake ya kuivia haijakamilika. Dalali mwenye haraka huko Makueni au Kitui huchuma hata hivyo, kisha huweka kabaidi, ile ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kabaidi ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayofanana na ethilini kiasi cha kukidanganya kipokezi. Ngozi inatii na kugeuka manjano. Sukari haiji, kwa kuwa hakukuwa na wanga wa kutosha wa kugeuzwa. Isitoshe, kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, vitu ambavyo havina nafasi mezani pa mtu. Kwa maoni yangu hakuna kisingizio cha kuitumia, maana embe lililokomaa haliihitaji.

Machungwa, zao jingine kubwa la Makueni, yana tabia tofauti. Hayaongezi utamu baada ya kuchumwa hata ukiyavundika mwezi mzima. Ethilini huondoa tu ukijani wa ganda. Katika joto la Ukambani chungwa huweza kuiva barabara likiwa bado kijani, kwa hiyo usilidharau kwa rangi yake.

Kwa mkulima, cha kutazama kwenye embe ni mabega: yakishajaa na kupanda juu ya kikonyo, na nyama karibu na kokwa ikianza kuwa njano, seli ziko tayari. Kwa mnunuzi, chagua embe gumu lenye mabega hayo, hata kama bado ni kijani. Lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, uliache sebuleni siku chache. Usilitie kwenye friji kabla halijaiva, maana baridi chini ya nyuzi 12 hivi huziumiza seli na uivaji huvurugika. Likishalainika na kunukia, lihifadhi kwenye friji au ulile hapo hapo.