Spika Mbili Zatosha

Jamaa huniuliza: ni chombo gani kitakachofaa taarabu na filamu pia? Wenye maduka husifu spika tano, sita, zikuzingire kama askari. Mimi nasema nunua mbili, ila ziwe nzuri. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa njia moja tu ya sauti. Spika za nyuma hazina la kumwongezea. Hata maneno ya filamu husikika yakitoka katikati, mradi uketi sawa baina ya hizo mbili. Kabla hujatoa pesa, chukua wimbo unaoujua kwa moyo, uupige papo hapo dukani. Fidla ikilia kama bati, nenda zako, hata ukipunguziwa bei. Ikilia kifidla, uliza kama amplifaya ina tundu la waya wa televisheni.