Paka wa Sultani na Msichana wa Chamberlain

Wanangu wa Mpendae, nyinyi mnaosikiliza hadithi za kutisha mpaka saa sita za usiku halafu mkawa hamthubutu kutoka uani peke yenu, leo nakuleteeni hadithi ya msichana aliyeuteketeza mji. Jina lake Carrie White. Aliyemtunga ni Mmarekani, Stephen King, na kitabu chenyewe, Carrie, kilitoka Aprili 1974. Lakini hatuanzii Marekani. Tunaanzia hapa hapa Unguja, kwa kijana aliyekuwa akikaa jikoni.

Palikuwa na Sultani akiitwa Majnuni, ana watoto saba wa kiume. Sita walihesabiwa. Wa saba alishinda jikoni pamoja na wapishi, kwenye moshi na majivu, wala hakuna aliyemtaraji kwa lolote, hata baba yake. Akaitwa Mkaa Jikoni. Sultani alikuwa na mtende, na kila mwaka tende zikikaribia kuiva, huja ndege usiku akazimaliza zote. Kaka zake walikwenda kulinda mmoja mmoja, na kila mmoja akapitiwa na usingizi. Mkaa Jikoni aliposema na yeye atakwenda, watu walimcheka. Akachukua mahindi ya kukaanga na mchanga. Usingizi ukimjia hutia mdomoni. Akiutafuna ule mchanga meno yanakwaruza, macho yanafunguka yenyewe. Ndege alipokuja akamdaka. Ndege akamwomba amwachie, akampa unyoya wake mmoja autie motoni siku atakapomhitaji, naye atamjia popote alipo.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili watoto huipita mbio ili wafike kwa mnyama, na mimi ndiyo inayoniweka macho.

Sultani alikuwa na paka aliyempenda mno. Paka akakamata ndama, akamla. Watu wakaenda kushitaki. Sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, mwacheni. Paka akapanda: mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia. Kila mara watu wanakwenda, kila mara wanarudi na jibu lile lile. Akala mtoto. Jibu lile lile. Akala mtu mzima. Mwisho paka akahamia kichakani, kila apitaye ni chakula chake, mpaka siku Sultani alipotoka na wanawe kwenda kutazama shamba, paka akaruka akaua katika wao. Hapo tu ndipo Sultani alipokiri kwamba yule si paka tena, ni nunda, mnyama mla watu. Na aliyekwenda kumwinda nunda ni nani? Yule wa jikoni. Aliua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kuliko wa kabla yake, akimletea mama yake, na mama akimwambia siye, mpaka akampata mwenyewe.

Hadithi hii Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, aliiandika kama alivyosimuliwa na watu wa hapa, akaichapisha London mwaka 1870. Ndiye huyo aliyejenga kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Alikusanya nyingi, lakini nikiambiwa nichague moja nachagua hii, kwa ajili ya lile jibu la Sultani.

Sasa twende Chamberlain, mji wa kubuni katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani. Carrie ana miaka kumi na sita. Baba hayupo. Mama yake, Margaret, ni mcha Mungu wa namna inayomtisha hata Mungu mwenyewe, astaghafiru: kila kitu kwake ni dhambi, na mtoto akikosea anafungiwa kabatini, kwenye kiza, asali humo mpaka mama atosheke. Skuli, Carrie ndiye wa kuchezewa shere. Nguo zake, mwendo wake, sala zake, vyote ni kichekesho.

Siku moja baada ya michezo anakoga pamoja na wenzake, mara anaona damu. Ni hedhi yake ya kwanza, imechelewa, na mama yake hakuwahi kumwambia neno. Kwetu mwari alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima anayemkalisha chini na kumweleza yatakayompata kabla hayajampata. Carrie hakuwa na somo. Anadhani anakufa. Anawanyooshea wenzake mikono wamsaidie, nao wanamzunguka, wanamzomea na kumrushia pedi. Na juu yake, katikati ya zogo lile, balbu inapasuka.

Hakuna aliyeigusa. Carrie amezaliwa na nguvu ya kusogeza vitu kwa fikra tu. Baadaye anapelekwa ofisini, na naibu mwalimu mkuu, kwa upole wote, anampa pole huku akimwita kwa jina lisilo lake. Carrie anamsahihisha. Anarudia kosa. Kisahani cha majivu ya sigara kinaruka kutoka mezani, kinaanguka. Mimi katika kitabu kizima hapa ndipo ninapomwonea huruma zaidi, kushinda hata kule bafuni. Wale walimwonea kwa kumchukia. Huyu hamchukii, ila hajamwona.

Na tusidhani nguvu hizo ziliwashukia watu ghafla. Kitabu kinafungua kwa habari ya gazeti: Carrie alipokuwa na miaka mitatu, mawe yalinyesha juu ya nyumba yao, juu ya nyumba yao tu, mtaa mzima ukaona. Majirani walizungumza. Wakaingia ndani, wakafunga milango. Ndama ameliwa, watu wamerudi makwao.

Mwalimu wa michezo, Bi Desjardin, anawaadhibu wale wasichana. Mmoja, Chris Hargensen, mtoto wa wakili, anakataa adhabu, kwa hiyo anazuiwa kwenda kwenye dansi kubwa ya mwisho wa mwaka. Baba yake anavaa suti anakuja skuli kutishia kushitaki. Mnamjua huyu baba; paka ni wake na ndama ni wake. Ni haki nimpe sifa mwalimu mkuu, kwani siku ile hakutetereka. Lakini Chris amekwishajifunza kutoka nyumbani kwamba anayekosa ni yule anayelalamika.

Msichana mwingine, Sue Snell, aliyekuwa miongoni mwa waliozomea, anaona haya. Anamwomba mchumba wake, Tommy, ampeleke Carrie kwenye ile dansi badala yake. Carrie anashona gauni lake kwa mikono yake, la mahameli nyekundu, huku mama yake akimwambia ataungua. Anakwenda. Anapendeza. Watu wanazungumza naye, na yeye anagundua kwamba anaweza kuchekesha. Wanapigiwa kura, Carrie na Tommy, wanapandishwa jukwaani kama mfalme na malkia wa usiku ule. Juu ya vichwa vyao, gizani, zimetundikwa ndoo mbili za damu ya nguruwe. Kamba iko mkononi mwa Chris.

Hapa tazameni fundi anavyofanya kazi. Mtungaji hovyo angeificha ndoo ili mshtuke. King hafichi kitu. Tangu kurasa za mwanzo ametupachikia vipande vya magazeti, ripoti za tume ya uchunguzi, maelezo ya mashahidi, na humo tunajua mapema kwamba mji utaungua na watu watakufa. Kinachobaki si kungojea nini kitatokea. Ni kuhesabu nafasi zinazopotea: hapa mtu angesema neno, hapa mtu angeangalia juu, hapa mama angemkumbatia. Kila nafasi inapita mbele ya macho yako na wewe huna la kufanya isipokuwa kufunua ukurasa. Paka anakua na sisi tunamwona.

Kamba inavutwa. Mtu anacheka, halafu wengine. Ndoo moja imempiga Tommy kichwani, na yeye, kijana pekee aliyemjia kwa wema usiku ule, atakufa. Carrie anatoka mbio, kisha anarudi, na milango ya ukumbi inajifunga yenyewe.

Kila ninaposimulia pale penye milango, watoto hupiga makofi. Nawaacha wapige. Halafu naendelea: mabomba ya maji, nyaya za umeme, moto. Anatoka ukumbini, anapita mjini, vituo vya petroli vinalipuka. Wanakufa wazee waliokuwa wamelala kwao, watu wasiomjua Carrie wala kumkosea. Zaidi ya mia nne. Mama yake anamchoma kisu begani, naye anausimamisha moyo wa mama yake kwa fikra tu. Mpaka hapo makofi yamekwisha, na wale waliopiga kwa nguvu zaidi ndio wanaotazama chini. King alitaka hivyo. Kakufanya utamani jambo, kisha kakupa lote.

Mkaa Jikoni na Carrie ni ndugu. Wote wawili walidharauliwa nyumbani na nje, wote wawili walikuwa na kitu ambacho wenzao hawana. Tofauti ni ndogo lakini imebeba kila kitu: Mkaa Jikoni walimcheka, lakini walimwacha aende mtendeni, na kila alipoua mnyama alikuwa na mama wa kumpelekea. Mama anamwambia siye huyu, mwanangu, lakini anampokea. Carrie kila alichopeleka nyumbani kilimrudisha kabatini.

Huku kwetu tunasema sana juu ya majini, na baadhi yenu mtaniuliza kama kuna kisa cha kweli. Kipo, ila si cha jini. Mwaka 1995, kuanzia mwezi wa Ramadhani, hofu ya Popobawa, kiumbe kilichosemwa kuwavamia watu usiku, ilitoka Pemba ikafika Unguja. Waulizeni wazee wenu. Watu walilala nje kwa makundi, barazani na uwanjani, wakikesha kando ya moto ili kivuli kile kisiwakute peke yao. Sijamwona Popobawa mimi. Lakini katika hofu ile kundi la watu mjini hapa lilimuua mtu mgeni, mwenye maradhi ya akili, kwa kumdhania kuwa ndiye. Watu walitafuta kiumbe cha ajabu, wakampata aliye tofauti.

Muhammed Said Abdulla, mtungaji wetu mzaliwa wa Makunduchi, alilijua hili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, wote wanasema mzimu umeua, isipokuwa mpelelezi wake, Bwana Msa, asiyeamini mizimu, anayevuta kiko chake na kutafuta mkono wa mtu. Nadhani Bwana Msa angefika Chamberlain asingepoteza muda juu ya nguvu za Carrie. Angeuliza nani aliyefunga kamba, na nani aliyeiona akanyamaza.

King mwenyewe hakumtoa Carrie hewani. Alipokuwa mwanafunzi palikuwa na msichana aliyevaa nguo zile zile siku zote, akichekwa kwa hizo. Baada ya likizo ya Krismasi akarudi na nguo mpya na nywele zimetengenezwa. Mngedhani wangemwacha. Wakamzidishia, kwa sababu alithubutu kutoka mahali walipomweka. King ameeleza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya uandishi, na akasema msichana huyo alikufa bado kijana. Wakati anamtunga Carrie, King alikuwa mwalimu wa skuli, akiishi na mkewe na watoto katika nyumba ndogo ya trela isiyo na simu. Aliandika kurasa chache akaona hazina maana, akazitupa kwenye pipa la taka. Mkewe, Tabitha, akazitoa, akazikung'uta majivu, akasoma, akamwambia aendelee, na mambo ya wasichana asiyoyajua atamweleza yeye. Kitabu kilipokubaliwa alipata dola 2,500. Haki za toleo la bei nafuu ziliuzwa dola 400,000, nusu yake ikawa ya King. Mwaka 1976 ikaja filamu ya Brian De Palma, ambayo wengi wenu mmeiona au mtaiona kwenye simu. Someni kitabu kwanza. Filamu inaonyesha moto vizuri sana, lakini yale mawe ya mwanzo na yale majirani waliyoyanyamazia hamtayapata humo.

Wala filamu haina ule ukurasa wa mwisho wa kitabu. Ni barua ya mwanamke mmoja wa Tennessee kwa dada yake. Hakusoma sana, herufi zinapishana, lakini ana furaha tele. Anaeleza kwamba mtoto wake mdogo, Annie, anachezesha gololi bila ya kuzigusa, zinapanda na kushuka zenyewe, kama mambo aliyokuwa akiyafanya bibi yao. Anaona mtoto huyu atakuja kuwa mtu mkubwa duniani.

Kitabu kinaishia hapo, na King hakuandika cha pili. Annie hatujui alikua vipi. Mwenye kalamu katika nyinyi anaweza kumchukua, akamleta Mpendae, akamtia skuli moja na madrasa moja na akina nyinyi, kisha atusomee barazani yaliyompata. Mimi nitakuja kusikiliza, na nitataka kujua kwanza nani alikaa naye dawati moja.