Mlevi asiyeonja pombe

Majirani ndio waliombatiza paka wangu jina la Mlevi. Hupepesuka kama mtu atokaye kilabuni alfajiri, na akikaribia sahani kichwa hutetemeka hadi pua ikazama katika mchuzi wa dagaa. Mwenye naye wa kwanza alikuwa amekwisha kutafuta gunia la kumtosa mtoni.

Daktari wa mifugo alinieleza kuwa si kifafa, wala hakulogwa. Yaelekea mama yake aliambukizwa virusi vya panlukopenia akiwa na mimba, navyo vikadumaza serebelamu, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo. Hali hiyo haiambukizi, haiumi, wala haizidi kadiri paka anavyokua. Kupona, hataponi.

Basi nyumba ndiyo iliyobadilika. Nimetandika mikeka ili kucha zipate pa kushika, sahani yake ni nzito ya udongo, na nje hatoki, maana mbwa hawatamsubiri ajipange. Chanjo ya mama ingalizuia yote haya, ila iwe kabla ya mimba; ile yenye virusi hai humdhuru mtoto tumboni vilevile.

Akianguka simkimbilii tena. Huinuka, akaendelea na safari ya jikoni. Kuruka hawezi, kwa hiyo hunipanda magotini kwa kucha. Suruali tatu zimekwisha.