Paka Katika Bustani: Kumzuia Bila ya Kumdhulumu



Mara kwa mara hutujia mtu baada ya darsa, naye hana mas'ala ya sala wala ya saumu, bali ana mas'ala ya paka. Amelima tuta la mchicha nyuma ya nyumba, au amepanda nanaa na kotmiri karibu na kisima. Amenyunyiza maji asubuhi na jioni, na mbegu zimekwisha kuchipua. Kumekucha, akitoka, hukuta tuta limefukuliwa, miche imelala mizizi nje, na uchafu umefukiwa humo humo. Paka mwenyewe huenda akawa ni wa jirani, au akawa hana mwenyewe. Na swali ni lile lile: Je, yafaa kumwekea sumu?

Swali hili si dogo kama wanavyolidhania wanaolicheka. Mama mwenye kuuza mafungu ya mchicha apate fedha ya kitoweo, tuta moja lililofukuliwa kwake ni riziki iliyopotea. Paka naye ana roho. Na baina ya hao wawili yupo jirani, ambaye haki yake tunaijua sote. Nimeona nyumba mbili zilizotengwa na ukuta mmoja zikaacha kupeana mkono hata siku ya Idi, kwa ajili ya paka mmoja aliyekutwa amekufa uani.

Jawabu ni kwamba haifai. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ambayo Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, asimpe chakula wala asimwachie ende akajitafutie wadudu wa ardhi, mpaka akafa. Tazameni, ndugu zangu: mwanamke huyu hakumpiga paka kwa gongo wala hakumchanganyia sumu katika samaki. Kosa lake ni kumfungia na kumnyima. Basi ikiwa hilo ndilo lililompata, mwenye kukusudia kuua kwa sumu na ajipime mwenyewe.

Lakini nataka tuwe waadilifu kwa pande zote mbili, maana wako watu ambao ukiwashitakia paka wao hukujibu kwamba paka ni kipenzi cha Mtume, na shauri likaishia hapo. Hutaja kisa cha paka aitwaye Muezza, ati Mtume alikata mkono wa kanzu yake asije akamwamsha. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Kitendo cha kukata mkono wa nguo husimuliwa juu ya Sheikh Ahmad Rifai, aliyefariki mwaka 578 Hijria, nacho ni kizuri, ila tusimnasibishie Mtume jambo lisilopokewa kwake.

Lililopokewa ni hili. Abu Qatada aliingia nyumbani kwa mkwewe, Kabsha binti Kaab, naye akamtilia maji ya kutawadha. Akaja paka akataka kunywa. Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akastaajabu, naye akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema kuwa paka si najisi, na kwamba yeye ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Hii ni habari ya mdomo wake na mwili wake. Ama mkojo wake na mavi yake, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hivyo ni najisi, vikigusa nguo ya sala vyapasa kuoshwa. Basi mwenye kulalamika kwamba paka amemchafulia bustani hakupungukiwa na imani. Ana haki ya kulalamika.

Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameitaja mas'ala hii katika kitabu chake Minhaj. Ameeleza kuwa paka akiharibu ndege au chakula cha mtu, na ikawa ni mazoea yake yanayojulikana, basi mwenye paka hulipa, ikiwa ni usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na ikiwa hakujulikana kwa tabia hiyo, halipi. Na wanazuoni wetu wamesema kuwa mwenye kushambulia, akiwa ni mtu au mnyama, huzuiliwa kwa lililo jepesi kwanza: likitosha la sauti, hapana haja ya mkono, na likitosha la mkono, hapana haja ya fimbo. Hata paka aliyezoea uharibifu hauawi akiwa ametulia zake. Kwa hiyo mwenye paka asiseme "huyo ni mnyama tu, hana akili", na mwenye bustani asiseme "mimi nimekwisha kumhukumu".

Sasa tuje kwenye bustani yenyewe, kwani fatwa pekee haihifadhi mchicha.

Yatupasa kwanza tujue kwa nini paka huja. Asili ya paka wetu wa majumbani ni paka mwitu wa nchi kavu za Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, na tabia yake ni kufukia uchafu wake katika udongo mwepesi usioshikamana. Nasi twachimba, twavunjavunja mabonge, twachekecha mbolea, twasawazisha tuta likawa laini kama unga. Kisha tunastaajabu akija! Kwa hakika tumemtengenezea choo kizuri kuliko vyote mtaani, naye hana uadui na mchicha wetu hata kidogo. Akiisha kukitumia mara moja, harufu humwita tena pale pale.

Kwa sababu hiyo dawa iko katika udongo, wala haiko katika paka. Tuta likiisha kupandwa lisiachwe wazi hata usiku mmoja. Kwetu pwani tunavyo vifuu vya nazi vinavyotupwa jaani kila siku. Vikifudikizwa juu ya tuta karibu karibu, mche ukitokea katikati, paka hapati mahali pa kuweka mguu akafukua. Makumbi hufanya kazi hiyo hiyo, na zaidi ya hayo huzuia unyevu usikauke. Asiye na vifuu na achome vijiti ardhini, kila kimoja mbali na mwenzake kadiri ya shubiri au pungufu, vimesimama kama safu za askari. Havimchomi paka, ila humkosesha nafasi ya kugeuka na kuchutama, naye ni mnyama apendaye nafasi. Wavu wa waya wa kufugia kuku nao ni mzuri mno ukilazwa juu ya udongo na kukandamizwa kwa mawe pembeni: mche hupita katika matundu, na kucha hazipiti. Wengine hutumia nyavu kuukuu za wavuvi. Mimi sizipendi zikiachwa zimelegea, kwani mtoto wa paka au ndege hunasa humo akajinyonga usiku, na hapo tumerudi kule kule tulikokukimbia. Zikitumiwa, zivutwe zikaze kama ngoma.

Maji ya kumwagilia yafaa yamwagwe alasiri, ili udongo uingie usiku ukiwa na unyevu, kwani paka huchagua udongo mkavu. Ama ua wa makuti au wa miti haumzuii. Yeye huuona kuwa ni ngazi.

Kumzuia peke yake hakutoshi, maana haja yake haiondoki kwa kuwa sisi tumefunga mlango. Mpe mahali pake. Chagua pembe ya kiwanja iliyo na kivuli na kimya, mbali na kisima, umwage mchanga mkavu upana wa mita moja kwa mita moja na kina cha shubiri. Uchafu wake wa kwanza ulioutoa kwenye tuta, chukua kidogo kwa sepetu ukautie hapo, naye ataifuata harufu yake. Kwenye tuta toa udongo wote uliochafuliwa, umwage maji mengi. Na ule mchanga wa pembeni uondolewe uchafu kila siku, ukafukiwe katika shimo refu.

Nasema kila siku kwa sababu ya pili, nayo ni ya afya. Kufikia mwaka 1970 wataalamu walikuwa wamethibitisha kuwa kijidudu kiitwacho toksoplasma hutoka katika mavi ya paka aliyeambukizwa, naye hukitoa kwa muda wa wiki moja mpaka tatu hivi. Vijiyai vyake vikitoka haviambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja au zaidi, na baada ya hapo vyaweza kukaa katika udongo wenye unyevu kwa miezi mingi. Mtu mzima mwenye afya huenda asijue hata kuwa amepatwa. Bali mwanamke mwenye mimba akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni aweza kudhurika macho na ubongo. Kwa hiyo mja mzito asiondoe uchafu huo, amwachie mumewe, na wala hapana aibu yoyote kwa mwanamume kushika sepetu. Akipalilia avae mifuko ya mikono au aoshe mikono yake vizuri kwa sabuni, na kotmiri na nanaa ziliwazo mbichi zioshwe kwa maji mengi. Nyama isiyoiva nayo huleta maradhi hayo hayo, wala si paka tu wa kulaumiwa.

Tena tuangalie kinachomvuta paka mpaka uani petu. Katika nyumba nyingi samaki hupaliwa magamba nje, karibu na jiko, na matumbo yake hutupwa ukutani. Kisha tunauliza paka hawa wametoka wapi. Jaa likifunikwa na matumbo ya samaki yakifukiwa, nusu ya wageni hawa huhama wenyewe.

Akikutwa tutani, mpigie makofi au mrushie maji kidogo ya baridi. Ninasema ya baridi, kwani nimekwisha kusikia ya moto. Wala wasitumwe watoto kumpiga mawe. Watoto wa madrasa nawajua: ukiwaruhusu jiwe moja watageuza mchezo, na Ibn Umar alipowapita vijana wa Kikureshi waliomweka ndege kuwa shabaha, aliwaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha.

Kuna mambo ambayo watu huyafanya wakidhani ni mepesi, nayo si mepesi. Pilipili ya unga ikinyunyizwa tutani hushika miguuni mwa paka, naye akijiramba au akijipangusa uso humuunguza kinywa na macho. Dawa ya nondo, zile punje nyeupe za kabatini, ni sumu kwa paka na kwa mtoto mchanga atambaaye uani. Mafuta ya taa huunguza ngozi na huharibu udongo wenyewe. Maganda ya machungwa na ya ndimu hayadhuru, na paka wengi hawapendi harufu yake, lakini nguvu yake ni ya siku mbili tatu na mvua moja huimaliza.

Ama sumu ya panya, nyingi katika hizo ziuzwazo madukani huzuia damu isigande. Mnyama aliyeila hafi palepale; huvuja damu ndani ya mwili wake kwa siku kadhaa. Paka ambaye hakuigusa aweza kufa kwa kumla panya aliyeila. Na kipande cha samaki ulichokitia sumu, kunguru hukichukua akakiangusha uani kwa mtu mwingine, penye kuku na watoto. Nani atalipa hapo?

Na wako wanaojiona wapole kwa kuwa hawaui: humtia paka guniani, wakampeleka sokoni au ufukweni wakamwaga. Ikiwa ni mama anyonyeshaye, watoto wake hufa njaa uvunguni mwa banda. Yeye naye huingia mahali asipopajua, apigwe na paka wenyeji. Na nafasi aliyoiacha mtaani huchukuliwa na mwingine maadamu chakula kipo.

Imebaki habari ya wingi wao. Paka jike huchukua mimba siku 65 hivi, na kwa mwaka aweza kuzaa mara mbili au tatu, watoto wanne kila mara au zaidi. Madaktari wa wanyama huweza kumhasi dume na kumfunga jike kizazi wakiwa wamelazwa usingizi wa dawa. Je, yajuzu? Imamu Nawawi ameeleza kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu. Wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu pakiwapo haja na mnyama asipodhurika, miongoni mwao Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001. Hoja yake ni kuwa hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuzaliwa. Mimi si mufti, ila moyo wangu waielekea hoja hiyo, khususan kwa kuwa watu wa kale hawakuwa na dawa ya kuondoa maumivu. Na mwenye shaka amwulize kadhi wa mji wake. Kabla ya hapo azungumze na jirani, kwani paka wa mtu hapelekwi kwa daktari bila ya idhini ya mwenyewe. Gharama ikigawanywa kwa nyumba nne au tano za mtaa mmoja huwa nyepesi, na paka aliyetibiwa hivyo arudishwe pale pale alipochukuliwa, awalinde panya.