Mkimbizi aliyeipigia muziki Ufaransa, jimbo kwa jimbo

Mwaka 1944 mtunzi Darius Milhaud, Myahudi aliyekulia Aix-en-Provence, alikuwa mkimbizi California. Aliikimbia Ufaransa 1940 Wajerumani walipoivamia.

Huko ugenini alitunga "Suite française", kwanza kwa bendi ya matarumbeta na filimbi, kisha kwa okestra kamili. Sehemu zake tano ni majimbo: Normandie, Bretagne, Île-de-France, Alsace-Lorraine na Provence. Ndani yake mna nyimbo za wenyeji. Alitaka vijana wa Marekani wazijue nyimbo za nchi ambako baba na kaka zao walikuwa wakipigana.

Alsace-Lorraine, jimbo la mpakani lililogombewa mara nyingi na Ufaransa na Ujerumani, linakwenda polepole, kama msafara wa maziko. Provence, kwao, ameiweka mwisho, kwa filimbi na ngoma. Mwenyewe alirudi 1947.