Honda S2000 kwenye theluji ya Québec: kulitembeza au kulilaza?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba, gari dogo la abiria lenye plaki ya Québec haliruhusiwi kutembea bila mipira ya baridi kwenye magurudumu yote manne. Ni sheria ya jimbo hilo la Kanada tangu mwaka 2008, na inashika hadi tarehe 15 Machi. Anayekamatwa bila mipira hiyo anatozwa faini ya dola 200 hadi 300, bila kuhesabu gharama zingine.

Kwa mwenye Corolla, jambo linaishia garajini: mipira inabadilishwa, anarudi kazini. Kwa mwenye Honda S2000, tarehe hiyo inaleta swali gumu zaidi. Alitembeze gari lake kwenye chumvi na barafu, ama alilaze hadi theluji iyeyuke?

S2000 si gari la kawaida. Honda ililitoa mwaka 1999, kampuni ilipokuwa imetimiza miaka 50, na ikaacha kulitengeneza mwaka 2009. Kwa miaka hiyo yote yalitoka magari zaidi kidogo ya 110,000 tu kwa dunia nzima. Lina viti viwili, paa la kitambaa, vitesi sita vya mkono (hakuna la otomatiki hata moja), na nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Injini yake ya kwanza, F20C, ina ujazo wa lita 2 bila turbo, lakini inazunguka hadi karibu mara 9,000 kwa dakika na kutoa nguvu farasi 240 kwa magari yaliyouzwa Amerika ya Kaskazini. Wakati huo hakukuwa na gari lingine la kuuzwa kwa wingi lililotoa nguvu kiasi hicho kwa kila lita bila turbo.

Nchini Marekani liliuzwa mwanzoni kwa dola 32,000 hivi. Leo lile ambalo halikuguswa na ambalo halijatembea sana linauzwa kwa bei inayopita hiyo, na ndiyo maana kutu imekuwa adui wa mfuko pia.

Tuanze na barabara yenyewe. Shofere aliyejifunza kazi kwenye matope ya barabara ya Bukavu–Kamituga, na gari la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, anaelewa tayari nusu ya somo. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, mkia wa gari unataka kupita mbele ya pua. Kwenye theluji ni vile vile, tofauti ni kwamba matope yanashika kidogo na yanakuonya, lakini barafu nyeusi haionekani na haitoi onyo.

S2000 lilikuwa na sifa mbaya kwa jambo hilo hata kwenye lami kavu. Yale ya miaka ya kwanza, yanayoitwa AP1 na wapenzi wake, mkia wake ulikuwa mwepesi kuteleza, hasa shofere anapoogopa katikati ya kona na kuachia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na gari linageuka kutazama lilikotoka. Mwaka 2004 Honda ilibadilisha saspensheni na kuweka mipira mipana zaidi nyuma ili kulituliza. Mwaka 2006 ndipo kifaa cha elektroniki cha kuzuia kuteleza kilipowekwa kwenye magari ya Amerika ya Kaskazini. Aliye na gari la kabla ya hapo ana breki za ABS na mguu wake mwenyewe, basi.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wanalisahau. Chini ya mizunguko 6,000 hivi, injini hii ni pole kabisa. Nguvu yake kubwa inafunguka juu, pale mfumo wa VTEC unapobadilisha namna ya kufungua valvu. Anayeendesha mjini kwa mizunguko 2,000 au 3,000, akianza na vitesi ya pili kwenye theluji, ana gari tulivu kuliko magari mengi ya turbo yanayorusha nguvu yote mapema. Udhaifu ambao watu waliulalamikia wakati wa joto unageuka kuwa msaada mwezi wa Januari.

Mipira ndiyo inayoamua. Mipira ya joto ambayo S2000 lilitoka nayo kiwandani inaanza kuwa migumu pale baridi inaposhuka chini ya digrii 7, na kwenye digrii 15 chini ya sifuri inakuwa kama plastiki. Kuna wanaothubutu kuweka mipira ya baridi nyuma peke yake, kwa kuwa ndiko nguvu inakokwenda. Huko ni kujidanganya, maana magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya kusimamisha gari. Wengine wanajaza mifuko ya mchanga kwenye buti. Kwa pikapu tupu hilo lina maana. Kwa S2000, ambalo uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu, mzigo mkubwa nyuma kabisa unaufanya mkia uwe kama pendulamu pale unapoanza kuteleza. Mfuko mmoja mdogo wa kumwaga chini ya gurudumu lililokwama unatosha.

Mkia ukianza kuondoka, ushauri wa kufaa ni mfupi: kanyaga ambreyaji, tazama unakotaka kwenda na si mti unaouogopa, zungusha usukani upande mkia unakokwenda, kisha uwe tayari kuurudisha haraka.

Yanayofanyika garajini ni habari nyingine. S2000 ni gari ambalo watu hawaliachi jinsi lilivyo. Wanalishusha karibu na ardhi, wanaweka egzosi yenye kelele, wengine wanafunga kompresa ya kuongeza hewa ili nguvu ipande sana. Gari lililoshushwa namna hiyo, asubuhi ya theluji ya sentimita 20, linageuka kuwa tingatinga: linasukuma theluji kwa bampa hadi linakwama juu yake, magurudumu yakizunguka bure. Na kompresa inaharibu ule upole wa chini uliokuwa msaada.

Mabadiliko yenye akili hayaonekani kwa nje. Kwa AP1, mafundi wengi wanabadilisha vishikio vya springi za valvu, kwa sababu vinaweza kupasuka shofere akikosea na kuingiza vitesi ya chini huku gari liko mbioni. Kikaza-cheni cha injini kinajulikana kwa kugongagonga. Mafuta ya injini lazima yapimwe kila mara, maana baadhi ya injini za miaka ya kwanza zinayanywa. Na paa gumu la alumini la Honda yenyewe, linalofaa sana kwa baridi, limekuwa adimu hadi linauzwa kwa maelfu ya dola.

Chumvi haisamehe. Inamwagwa barabarani kila theluji inapoanguka, inaingia chini ya gari na kula matao ya magurudumu ya nyuma. Boloti za kurekebisha saspensheni zinaganda ndani ya mikono yake. Fundi anayetaka kunyoosha magurudumu baada ya miaka michache anajikuta akikata vyuma kwa msumeno, na mteja analipa vipya. Wanaotembeza gari hili wakati wa baridi wanalipulizia mafuta chini kila mwaka na kuliosha mara nyingi, lakini huko ni kuchelewesha tu.

Ndiyo maana wengi wanalilaza. Wanajaza tangi la esanse na dawa ya kuilinda, wanaunganisha batri na chaja ndogo, wanapandisha upepo wa mipira, wanaacha breki ya mkono bila kuivuta ili isigande, na kuziba matundu ambamo panya hupenda kujenga. Paa linaachwa limefungwa. Kwa magari ya 2000 na 2001, yenye dirisha la nyuma la plastiki, kulikunja kwenye baridi kunaweza kulipasua.

Halafu wananunua Civic ya bei ndogo ya kuwafikisha Machi. Hapo hesabu inakuwa asiransi mbili, plaki mbili na nafasi mbili za kuegesha, katika mji ambao kodi ya garaji yenye paa si ndogo. Kwa kijana anayelipa nyumba na kutuma pesa kwa familia Goma au Lubumbashi, hesabu hiyo mara nyingi inaishia kwenye tangazo la kuuza gari mwezi wa Oktoba, kabla theluji ya kwanza haijashusha bei.